Uzi wa Re

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba modi, zile ngazi za noti za muziki, ni maumbo ya vidole. Nilikuwa nimeona kwenye video fulani, niliyohamishiwa katika simu pale sokoni Kasongo, kwamba modi ziko saba, na kwamba mpiga gitaa anayezifahamu anaweza kubuni solo yake papo hapo bila kuiga mtu. Basi nikazichukua zote saba kama mtu anavyojifunza namna saba za kufunga mzigo kwenye baiskeli. Nikakariri kila moja inaanzia chuma gani cha shingo ya gitaa na inaishia wapi, kwenda na kurudi, taratibu kisha haraka, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza wimbo wenyewe unapumzika wapi. Karibu mwaka mzima ulipita hivyo. Sijui kama ni haki kusema niliupoteza, kwa sababu ndio mwaka ninaoukumbuka kuliko mingine, na hivi karibuni nimepewa sababu ya kuukumbuka tena.

Nilikuwa nimetoka Kindu kwenda Kasongo kwa shughuli isiyo na maana hapa, na pikipiki iliyonibeba ikaanza kukohoa tukiwa tumeshaingia mjini. Dereva akanipeleka kwa fundi wake. Fundi alikuwa amelala chali chini ya pikipiki nyingine, nikaona miguu tu, na nikaijua miguu ile kabla hajatoka: alikuwa Shabani, aliyekuwa akipiga besi katika kwaya yetu. Amenenepa. Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono, akanitazama kwa muda, kisha akaniita jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita. "Profesa," akasema, "ungali unasimamaka katikati?" Nikacheka, ingawa swali lenyewe halikunichekesha. Akanikaribisha katika chumba cha nyuma ya karakana, chenye harufu ya mpira na petroli, akamtuma mtu chai. Ukutani, kati ya tairi mbili, lilining'inia gitaa lake la besi, uzi mmoja tu juu yake. Alisema linakula nafasi, nilichukue. Nilikuwa nikiutazama ule uzi.

Mwaka ule nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya Mama Zawadi, mjane aliyeuza mikate ya mchele. Chumba kilikuwa na mlango, dirisha dogo la mbao, kitanda cha miti, na kuta za udongo laini. Kuta ndizo zilizoniponza. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilianza kuchora shingo ya gitaa kwa makaa ya Mama Zawadi, mistari sita ya kwenda na mistari mifupi ya kukata, na vidoa pale kidole kinapokanyaga. Modi ya kwanza ilikaa juu ya kitanda. Ya pili, ile inayoitwa doriani, inayoanzia re na kurudi re, niliichora karibu na mlango kwa sababu ndipo mwanga ulipoingia vizuri. Zingine zikazunguka chumba mpaka zikakutana na ya kwanza. Asubuhi niliamka nikiwa nimezungukwa. Upande wa pili wa ukuta nilisikia kinu kikitwanga, na Mama Zawadi akimweleza jirani yake kwamba yule mutoto anaandikaka ukuta kama mutu wa jela, lakini analipa, na haleti wanawake, basi amwache. Jirani akauliza ni kitu gani anaandika. Mama Zawadi akasema ni vidonda vya gitaa. Nilidhani amekosea neno. Sasa naona alieleza jinsi vidoa vile vilivyoonekana kwa mtu asiyevihitaji.

Niseme wazi hali yangu ilivyokuwa, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Nilikuwa mwoga wa kukosea kiasi kwamba kukosea kulikuwa kumechukua nafasi ya muziki. Nilijirekodi kwa simu, nikasikiliza, nikafuta. Kidole kikigusa uzi jirani, nilirudi mwanzo. Kama nimefika mwisho bila kosa, nilihofia kwamba ni bahati, nikarudi mwanzo tena. Mama Zawadi alinigongea ukuta wakati mwingine, si kwa hasira, akaniambia leo niruke ile kipande ya kwanza kwani yeye na mikate yake wameshaijua. Sikuweza kuiruka. Nilikula wali wake na sombe, majani ya muhogo, huku mkono wa kushoto ukiendelea kukanyaga ukingo wa sahani. Leo nikiwaona vijana wanaofanya hivyo Kindu nawatambua kwa mabega, yamepanda karibu na masikio.

Jambo lililonitesa zaidi ni kwamba modi zangu saba zilisikika sawa. Sikumwambia mtu kwa muda mrefu, nikiamini kasoro iko masikioni mwangu. Mwishowe nikamwomba Shabani anisaidie. Yeye alikuwa Mwislamu na hakuwa na kazi na kwaya yetu ila kwamba hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa na besi na moyo wa kuibeba. Watu walimtania kwamba anakaa mbali na maji ya ubatizo lakini karibu na sufuria, na yeye hakukana. Alikaa mlangoni kwangu, akapiga ule mzunguko aliouzoea wa nyimbo zetu, do, fa, sol, halafu do. Juu yake nikapiga modi ya kwanza. Kisha nikapiga doriani, kutoka re mpaka re, kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai. Nikamuuliza kama amesikia tofauti. Akafikiri kwa heshima. Akasema alichosikia ni do. Nikapiga miksolidi, ile ya kuanzia sol. Akasema hata hiyo ni do. Nikamwambia hapana, hizi ni modi tofauti, zina majina. "Profesa," akasema, "unanipigia do moja na unaipatia majina saba. Mimi hata moja inanitosha." Akaenda zake kuswali alasiri. Nilibaki nimeshika gitaa, na nilimchukia mpaka jioni. Alikuwa amesikia sawasawa. Ila yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikirudisha kila kitu kwenye do kwa mkono wake, na hakuna kati yetu aliyeligundua hilo.

Kwaya iliongozwa na Maestro Anselme, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mkavu aliyehesabu mapigo kwa kugonga pete yake juu ya meza. Mpiga solo wetu alikuwa ameondoka kwenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi, na nafasi yake ilikuwa wazi. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na watu wote walijua. Siku ya Pasaka Maestro akanipa. Nilifika katikati ya solo, kidole kikateleza, noti moja ikatoka vibaya. Nikasimamisha. Niliinua mkono wa kulia mbele ya kanisa zima nikasema, samahani, tuanze tena. Mpiga ngoma aliendelea peke yake kwa muda, kisha naye akaacha. Kilifuata kimya ambacho bado ninacho. Baada ya misa Maestro hakunikaripia. Alisema kanisani hakuna kuanza tena, akaniambia nipumzike. Wiki zilipita nikiwa kwenye gitaa la kuambatana, lile la kusindikiza waimbaji, nikipiga akordi zilezile za noti tatu kwa pamoja, nikiangalia nafasi ya solo ikikaa bila mtu.

Nafasi ya pili ilitokana na msiba wa mtu mwingine, na kwa hilo sikujisikia vizuri hata wakati ule. Mama Feza, mwanamke mwenye sauti nzito aliyeanzisha nyimbo katika kwaya yetu, alikuwa mwenyeji wa Kabambare. Kaka yake alikuwa amefariki huko mwaka uliotangulia, na sasa familia ilijiandaa kuondoa matanga. Aliomba kwaya iende. Aliomba pia wimbo mmoja ambao haukuwa wa kanisa, wimbo wa Kibangubangu ambao kaka yake alipenda kuuimba wakati wa kuvuna mpunga. Maneno yake ni machache: mtu aliyechelewa njiani anawaomba waliotangulia wamwachie makaa jikoni. Mama Feza alisema watoto wa kaka yake waliusikia kwa baba yao peke yake, hawakuwahi kuusikia ukiimbwa na watu wengi, na kwamba wazee wanaoujua wanazidi kupungua. Kisha akaeleza desturi ya familia yao. Siku ile mjane anavuliwa nguo za matanga ndani ya nyumba, anavikwa kitenge kipya, halafu anatoka na kuzunguka uwanja akimshika kila mtu mkono, mpaka arudi akae kwenye kiti chake kati ya watu. Anapozunguka, wimbo haukatwi. Ukikatika kabla hajakaa, anarudi ndani, na matanga yanabaki na familia mpaka watafute siku nyingine. Maestro alisikiliza hayo yote, akagonga pete yake mara moja, akanitazama. Aliniambia mbele ya wote kwamba nitapiga solo Kabambare. Kama nitafika mwisho, nafasi ni yangu. Kama nitainua tena mkono ule, nirudi kwenye kuambatana na asinisikie tena nikitaja solo. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, lakini hilo halikuwa jipya.

Mazoezi tulifanyia kwa Mama Feza. Sebule yake ilikuwa na viti vya mbao vilivyopangwa ukutani, kalenda ya zamani ambayo hakuitoa kwa sababu ya picha yake, na harufu ya samaki wakavu aliokuwa akiuza, hata nguo zetu zilirudi nyumbani na harufu hiyo. Kabla ya kuimba tulikula, wali na sombe yenye mafuta ya mise, yaani mawese, na wanawake wakizungumza juu ya bei ya chumvi na mume wa fulani. Mimi nilikaa pembeni nikitafuta noti za wimbo. Mama Feza alikuwa ameuimba polepole, nikazipata zote: do, re, mi, fa, sol, la, si, hakuna diezi wala bemoli, yaani noti ya kupandishwa au kushushwa nusu. Nikafurahi. Nikasema wimbo uko kwenye do, nikaupangia akordi za do, fa na sol, na kila mwisho wa mstari nikautua kwenye do. Wanawake waliimba mstari wa kwanza, wa pili, kisha Mama Feza akanyamaza. Alisema ni muzuri, angeupigisha kwenye ndoa ya binti yake. "Lakini mutoto wangu," akasema, "hapa unatufurahisha kwa nguvu."

Nikarudi chumbani nikaja na dawa nyingine. Kama si furaha, basi ni huzuni. Na huzuni niliyoijua ilikuwa minori, ngazi ya nyimbo za majonzi. Nilikuwa nimesikia kwamba sauti zao zinapenda kushuka mpaka re, nikachukua re minori kama ilivyo vitabuni, na kwa hiyo nikaishusha noti ya si, ikawa si-bemoli. Siku iliyofuata nikapiga hivyo. Pale wanawake walipopita kwenye noti yao ya si, yangu ilikuwa chini yake kidogo, na zikagongana kama sahani. Mmoja akacheka. Mama Feza hakucheka. Alisema sasa nalia kuwashinda wao wenyewe waliofiwa. Maestro, ambaye alikuwa na saa moja tu ya kukaa nasi, akaamua turudi kwenye do, kwani angalau kila mtu anaishika, na Mama Feza akakubali kwa kuinamisha kichwa, akaenda kuosha sahani. Niliona mgongo wake jikoni. Nadhani ndipo nilipofahamu kwamba kuna kitu cha mtu mwingine ndani ya jambo hili, si nafasi yangu peke yake. Lakini sikujua la kufanya, na nisipojua la kufanya nilikuwa naongeza mazoezi. Nilirudia modi zote saba mpaka Mama Zawadi akagonga.

Tulisafiri kwa pikipiki, msafara wa pikipiki kadhaa, vyombo vimefungwa nyuma kwa mipira. Mvua ilikuwa imepita mbele yetu. Karibu na Lusangi kuna mteremko unaoishia kwenye tope jekundu, na hapo pikipiki ya Shabani ikalala chini polepole, bila fujo, kama ng'ombe. Hakuna aliyeumia. Besi ndiyo iliyokuwa chini. Tulipoifungua tukakuta funguo za kukazia nyuzi zimevunjika isipokuwa moja, na shingo imepata ufa. Ukikanyaga uzi popote, sauti inakufa. Uzi uliobaki mzima ulikuwa wa re, nao ulilia tu ukiachwa wazi. Mtu mmoja wa kijiji akasema atatutafutia waya wa breki ya baiskeli, kama tulivyozoea kufanya kwa gitaa dogo, lakini waya ule hauwezi kazi ya besi na hata ungeweza, ungefungwa wapi. Shabani aliuvuta ule uzi mmoja, akasikiliza, akasema, "Iko hai." Akaifunga tena nyuma ya pikipiki.

Kabambare tulipokelewa kwa maji ya kunawa, bukari, yaani ugali, na kuku. Nyumba ya marehemu ilikuwa imepakwa udongo mpya. Nilimwomba Maestro kwa sauti ya chini kwamba besi iachwe, kwa sababu akordi zangu ziko kwenye do, na Shabani hana ila re, na re chini ya do itaharibu kila kitu. Nilieleza vizuri sana. Maestro akajibu kwamba watu wamechinja mbuzi, wameona besi ikiingia uwanjani, na yeye hatamwambia mtu kwamba imefika na haitapigwa. Kisha akamwambia Shabani apige kidogo. Shabani akasema kidogo ndicho alicho nacho.

Asubuhi ya siku yenyewe uwanja ulijaa mapema. Sala ikafanywa, maneno ya familia yakasemwa, kisha mlango wa nyumba ukafungwa na wanawake wa familia wakabaki ndani na mjane. Mama Feza alisimama mbele yetu. Mlango ulipofunguliwa, akaanzisha wimbo, na Shabani akaingia na re yake. Mjane akavuka kizingiti akiwa na kitenge cha kijani, macho chini. Nikapiga akordi ya do kama tulivyopanga. Juu ya ile re ilikuwa mbaya kuliko nilivyohofia, kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja. Nikatoa mkono kwenye nyuzi. Mkono wa kulia ulikuwa tayari unapanda. Niliuona, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mjane alikuwa ameshamshika mkono mtu wa kwanza. Wimbo ulikuwa njiani, bila mimi. Maestro alikuwa akinitazama. Nikaushusha ule mkono juu ya uzi, na kwa kuwa niliogopa kukosea, nikapiga noti pekee ambayo nilikuwa na hakika nayo, re, ile ile ya Shabani. Nikaipiga tena. Kwa muda sikufanya kitu kingine.

Halafu nikaenda mi, nikarudi. Nikaenda do iliyo chini, na mara ya kwanza maishani nikaisikia do haitaki kukaa. Ilinitaka nirudi re. Nikaenda fa, ikawa na giza. Nikatazamia kila kitu kilicho juu kiwe na giza vilevile, lakini nilipofika kwenye noti ya si, ile niliyoishusha kule Kasongo, ikawa na mwanga, kama dirisha dogo katika chumba kisicho na taa, na hapo hapo sauti za wanawake zikapita juu yake na kushuka zote pamoja mpaka re. Hawakuwa na furaha wala hawakulia. Wimbo ulikuwa na giza na dirisha, na nyumba yake ilikuwa re tangu mwanzo. Noti ni zile zile saba nilizozipata sebuleni kwa Mama Feza. Mimi ndiye niliyezilazimisha kwenda kulala nyumba nyingine. Vidole vyangu vilikuwa vinatembea kwenye umbo nililolichora kwa makaa karibu na mlango. Nilikuwa nalijua kwa miezi. Ila siku zote nililipiga chini yake pakiwa na do, na kila mara do ilinimeza.

Mjane alitembea polepole. Alikuwa na watu wengi wa kushika mikono, na kila kikongwe alimzuia kumwambia jambo. Wanawake walipomaliza maneno, wakayaanza upya, na nikaachiwa nafasi kati ya mstari na mstari. Sikuwa na kitu nilichoandaa. Nilikwenda na kurudi. Mahali fulani kidole kikateleza, kikaangukia fa diezi, noti isiyo ya pale kabisa. Nikasubiri mkono upande. Re ya Shabani ikaja tena, kama ilivyokuja kabla, wala haikunijali. Nikashuka mi, nikashuka re, na kosa likawa limebaki nyuma yetu. Nilitazama nione ni nani amegeuka. Hakugeuka mtu. Mtoto mmoja wa marehemu, binti mkubwa, alikuwa amesimama karibu na nguzo, na midomo yake ilikuwa ikifuata maneno. Mjane alifika kwenye kiti. Hakukaa. Mama Feza alikuwa amefunga macho, hakumwona, akaongeza mstari ambao hatukuwahi kuufanyia mazoezi, na mjane akasimama hapo akiusikiliza mpaka mwisho, ndipo akakaa.

Tulikula chini ya kibanda cha majani ya mitende, mbuzi na wali, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Shabani nilimuuliza ilikuwaje ashikilie re muda wote ule bila kuchoka. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini ana pua moja. "Nilikuwa na uzi moja, Profesa. Ningeenda wapi?" Maestro alipita na sahani yake, akasimama juu yangu. Alisema nilipiga noti chache mno, na kwamba mwanzoni alidhani nimekufa nikiwa nimesimama. Kisha akasema solo ni yangu mpaka Noeli, halafu tutaona. Hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri tangu Pasaka, na nakumbuka kwamba liliniingia bila kelele, kwa sababu nilikuwa nikimtazama Mama Feza akija na bakuli la mchuzi. Alinimiminia bila kuuliza. "Leo haukutufurahisha," akasema, "na haukutulilia. Leo ulikaa na sisi." Akapita kwa mtu mwingine.

Niliporudi Kasongo nilimwomba Shabani alete besi yake mbovu mlangoni kwangu. Nikamwambia apige re tu. Nikapiga doriani, ikawa doriani. Nikaukaza ule uzi wa besi mpaka ukalia mi, nikachukua gitaa langu, nikapiga noti zile zile saba, na chumba kizima kikabadilika. Hata yeye aliinua kichwa akasema hii inatisha kidogo. Tukaushusha mpaka do, na ikawa ile ya kwanza, ya harusi ya binti wa Mama Feza. Sikuwa nimehamisha kidole hata kimoja kwenye ngazi mpya. Kilichohama ni noti ya chini. Tulifanya hivyo mpaka uzi ukachoka na Shabani akadai mikate. Kabla ya Noeli Mama Zawadi alipaka nyumba udongo upya, ndani na nje, na modi zangu zote zikaingia chini ya mkono wake, kuanzia ile ya juu ya kitanda. Aliniuliza kama nimezihifadhi mahali pengine. Nilisema hapana, akasikitika kuliko mimi.

Kuna mambo ambayo mwaka ule haukuyaponya, na sitaki kuonyesha kwamba uliyaponya. Bado najirekodi. Bado naamka nikiwa nimekaza taya. Nafasi ya solo niliishika kwa muda, kisha nikahamia Kindu, na kijana mwingine akaichukua, anapiga haraka kuliko mimi na simwonei wivu kila siku. Mama Feza angali anaimba, lakini si sana, kifua kinamsumbua. Yule binti wa marehemu, nimeambiwa, huwaimbia watoto wake ule wimbo wa makaa, na kwamba kila mstari unashuka mpaka pale pale.

Chai ilipokwisha, Shabani aliitoa besi ukutani mwenyewe, akaifuta vumbi kwa kile kitambaa, akauvuta ule uzi. Ulikuwa umelegea, haukuwa re tena, wala sijui ulikuwa nini. Aliukaza mpaka akaridhika, bila kuniuliza, na ulikuwa re. Nimeibeba mpaka Kindu mgongoni mwangu, shingo ikigonga kofia ya dereva njia nzima, na sasa iko hapa ninapoandika. Nikialikwa kupiga na watu nisiowajua, siulizi tena wimbo uko kwenye ngazi gani. Nasubiri besi, nasikiliza inakaa wapi, ndipo naweka kidole. Bado naogopa kukosea, na bado nakosea. Sisimami.